Supu ya adesi yenye viungo: inatoka chapwa halafu nzito kama uji, nakosea wapi?

MlaTaratibu

Wakuu, naomba msaada kwa wanaoijua vizuri supu ya adesi. Kabatini kuna adesi nyekundu zilizomenywa, adesi za kahawia nzima, vitunguu maji, kitunguu saumu, nyanya ya kopo ile nzito, mafuta ya kupikia na chumvi. Viungo vya unga ni manjano, giligilani, bizari nyembamba, pilipili manga na pilipili kali. Vizima ni bizari nyembamba na vijiti vya mdalasini. Lipo pia kopo moja la tui la nazi na malimau mawili. Nyama hakuna, mboga za majani hakuna.

Ninavyopika: kila kitu kinaingia sufuriani kwa pamoja, maji juu, mfuniko, nusu saa. Kinachotokea:

– Jikoni kunanukia vizuri mno, lakini ukionja supu ni chapwa.
– Adesi nyekundu zinakuwa uji unaoshika chini. Za kahawia zinabaki na kiini kigumu hata zikikaa motoni saa nzima.
– Kuna uchungu kwa mbali, sijui unatoka wapi.

Naomba vipimo na sababu, siyo "weka kiasi chako".

MwikoMrefu

Ulivyonavyo vinatosha kabisa. Kasoro ni zamu. Kila kitu kina wakati wake wa kuingia sufuriani, na wewe unaviingiza vyote kwa mkupuo.

Tuanze na uchapwa. Ladha ya bizari nyembamba, giligilani na manjano imebebwa na mafuta yake ya asili, na mafuta hayo hayachanganyiki na maji. Ukivimwaga kwenye maji yanayochemka, harufu inapanda na mvuke. Ndiyo hiyo inayojaa jikoni. Kinachobaki sufuriani ni unga uliolowa. Ukivikaanga kwanza, ladha inahamia kwenye mafuta ya kupikia, na mafuta hayo ndiyo yanayoisambaza kwenye supu nzima. Ndiyo maana supu isiyo na mafuta kabisa huwa ngumu kukolea hata ukimaliza kopo la viungo.

Vipimo vya watu wanne. Kikombe ni cha mililita 240, kijiko cha chai mililita 5, cha chakula 15.

Adesi nyekundu kikombe kimoja na nusu (kama gramu 300). Maji vikombe sita, na vingine viwili vikae pembeni vikiwa moto. Mafuta vijiko vitatu vya chakula. Vitunguu maji viwili vya wastani, vikatwe vidogo. Kitunguu saumu punje nne. Nyanya ya kopo vijiko viwili vya chakula. Giligilani vijiko viwili vya chai, bizari nyembamba ya unga kimoja na nusu, manjano nusu, pilipili manga nusu, pilipili kali robo. Mdalasini kijiti cha urefu wa kidole gumba. Chumvi anza na kijiko kimoja na nusu cha chai. Limau nusu.

Zimwage adesi kwenye sinia, uzichambue; vijiwe vidogo vinafanana nazo sana. Zioshe mara tatu au nne mpaka maji yaache kuwa kama ya maziwa. Ule weupe ni wanga uliotokana na punje kusagikana, na ukiuacha ndio unaoanza kushika chini ya sufuria.

Sasa vitunguu. Usiharakishe hapa. Supu hii haina nyama, kwa hiyo utamu wa chini wote unatoka kwenye kitunguu kilichokaangwa vizuri. Pasha mafuta moto wa wastani, weka vitunguu na chumvi kidogo kutoka kwenye ile uliyopima, kaanga dakika 10 hadi 12. Chumvi inavuta maji ya kitunguu yatoke, kwa hiyo kinalainika kabla hakijaanza kuungua. Unataka rangi ya dhahabu, na kingo zianze kuwa kahawia. Kikianza kushika kabla ya hapo, nyunyiza kijiko kimoja cha maji, kwangua chini na mwiko, endelea. Watu wengi huishia dakika ya tatu kitunguu kikiwa cheupe, halafu wanalalamikia viungo.

Kitunguu saumu kilichopondwa kifuate, dakika moja tu.

Kabla ya viungo vya unga punguza moto kabisa, na uwe na vijiko viwili au vitatu vya maji mkononi. Mwaga viungo, koroga, na maji yafuate papo hapo. Maji hayo yanazuia unga usiungue huku mafuta yakiendelea kuuivisha. Sekunde 40 hadi 60 hivi, maji yatakauka na utaona mafuta yamejitenga yakiwa na rangi ya manjano. Hapo ni tayari. Bizari nyembamba ikifika rangi ya kahawa imeshaungua. Uchungu wake hautoki kwa sukari wala kwa tui, kwa hiyo ni bora uoshe sufuria uanze upya.

Nyanya ya kopo ikaangwe dakika mbili, mpaka wekundu ule wa kung'aa ugeuke kuwa kama wa tofali. Nyanya mbichi ya kopo ina ukali unaokaa hadi mwisho.

Weka adesi, zigeuze zipate mafuta, mwaga maji, tumbukiza mdalasini. Ikichemka litatoka povu jingi. Toa lile la juu kwa upawa, kisha moto mdogo, mfuniko ukae upande. Ukifunika kabisa itafurika. Dakika 20 zinatosha. Kila dakika tano pitisha mwiko chini, siyo juu tu, maana adesi zikishaanza kuvunjika zinatua. Usishtuke rangi ikibadilika: nyekundu hugeuka njano zikiiva.

Toa mdalasini, malizia chumvi, zima jiko. Maji ya limau yaingie wakati huo, jiko likiwa limezimwa.

Kuhusu uji: angalia kipimo chako cha maji. Kikombe kimoja cha adesi kwa vikombe vinne vya maji kinatoa supu nzito ya kula na kijiko; kwa vitano inakuwa ya kunywa. Chini ya vitatu unapika mchuzi wa kulia wali.

PunjeNzima

Maelezo ya @MwikoMrefu ni ya adesi nyekundu. Kwa za kahawia, nyanya hapo haifai, na nadhani ndiyo sababu ya kile kiini kigumu.

Punje ya adesi inashikanishwa na pektini, kama gundi kati ya seli. Ili ilainike lazima gundi hiyo iyeyuke. Tindikali (nyanya, limau, siki, ukwaju) inaizuia kuyeyuka, na madini ya kalsiamu kwenye maji magumu yanaikaza zaidi. Adesi nyekundu zimeshamenywa na kupasuliwa, kwa hiyo vijiko viwili vya nyanya havizisumbui sana. Punje nzima yenye ganda inasumbuka, hasa ukiweka na limau tangu mwanzo.

Kwa hiyo chemsha adesi za kahawia peke yake kwanza, kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya maji, dakika 30 hadi 40 moto mdogo. Onja punje tano, siyo moja, kwa sababu haziivi zote kwa wakati mmoja. Zote zikisagika kati ya ulimi na kaakaa, ndipo uzimimine pamoja na maji yake kwenye vitunguu, viungo na nyanya vilivyokwisha kukaangwa. Baada ya hapo dakika 10 za kuchanganyika ladha, basi.

Chumvi haina hatia hapa, ingawa wengi huisingizia. Ukiloweka adesi za kahawia saa moja kwenye lita moja ya maji yenye kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, zinaiva laini zaidi na ganda halipasuki ovyo. Sodiamu inachukua nafasi ya sehemu ya ile kalsiamu kwenye ganda. Mwaga maji ya kuloweka, suuza, pika.

Kama maji unayotumia ni magumu (sabuni haitoi povu vizuri, birika lina ukoko mweupe ndani), ongeza soda ya kupikia, ile ya kuumulia keki, moja ya nane ya kijiko cha chai kwa kikombe kimoja cha adesi. Isizidi. Ikizidi supu inakuwa na ladha ya sabuni, punje zinakuwa tope, na vitamini B1 inaharibika.

Sababu ya mwisho ni umri. Adesi zilizokaa kabatini miaka miwili au mitatu, hasa penye joto na unyevu, zinaweza kukataa kulainika hata ufanyeje. Hizo zisage ziwe unga wa kuongezea uzito wa supu, au ziende kwenye sufuria ya presha.

Swali kwako, @MlaTaratibu: limau unalikamua au unalikata na kulitumbukiza na ganda lake?

MlaTaratibu

Nalikata vipande vinne na kuvitumbukiza mwanzoni kabisa.

PunjeNzima

Basi uchungu umeupata. Sehemu nyeupe ya ganda na mbegu zikichemka muda mrefu zinatoa uchungu, na maji ya limau yenyewe harufu yake nzuri inaondoka na mvuke. Unabaki na ukali bila harufu. Kamua, chuja mbegu, weka mwisho.

Na kile kinachoshika chini nacho kinachangia. Sufuria ikishaungua, usikwangue. Hamishia supu kwenye sufuria nyingine bila kugusa kile cha chini, kisha onja. Mara nyingi inaokoka.

KabatiLaKona

Nyongeza mbili tatu kwa anayepika na vya kabatini tu.

Vitunguu vikiisha, kitunguu maji cha unga kijiko kimoja cha chakula kinakaribia kitunguu kimoja cha wastani. Kitunguu saumu cha unga, robo kijiko cha chai badala ya punje mbili. Vyote viwili vina sukari na vimekauka, kwa hiyo vinaungua ndani ya sekunde chache. Usiviweke kwenye mafuta makavu. Viweke pamoja na yale maji ya viungo aliyosema MwikoMrefu.

Viungo vya unga vipime kwanza. Chukua kidogo, sugua kati ya vidole, nusa. Kama unanusa vumbi tu, hata ukiongeza maradufu utapata mchanga mdomoni bila ladha. Bizari nyembamba nzima inatunza harufu muda mrefu kuliko ya unga, na wewe unazo zote mbili, kwa hiyo kaanga nzima bila mafuta dakika moja hadi mbili mpaka inukie, iponde, tumia hiyo.

Manjano nusu kijiko inatosha. Wapo wanaoongeza ili rangi ikolee, na hiyo nayo ni njia ya kupata uchungu na ladha ya udongo.

Kwa wasomaji wengine: adesi hapa ni zile punje bapa mfano wa lenzi, ambazo wengine huziita kamande. Ukitumia neno dengu, kuna mtu atapika punje nyingine kabisa, za kuloweka usiku kucha, halafu arudi hapa kulaumu vipimo.

TuiZito

Mbona tui limesahaulika? Robo lita inatosha kwa sufuria hiyo ya watu wanne. Punguza maji kikombe kimoja. Liingie dakika tano za mwisho na moto uwe mdogo, vipovu vichache tu pembeni. Likichemshwa kwa nguvu linakatika, mafuta yanaelea juu kama madoa na chini kunakuwa na chembechembe. Inalika, ila haipendezi.

Tui na limau havigombani, ila limau liingie baada ya kuzima jiko, na kwa kijiko. Ukiweka tui, ongeza chumvi robo kijiko cha chai, kwa sababu mafuta ya nazi yanafunika ladha.

MlaTaratibu

Asanteni sana, sasa naelewa kilichokuwa kinanishinda. Maswali matatu yamebaki. Je, naweza kutumia sufuria ya presha? Supu ikilala kwenye friji inakuwa kama ugali, ni kawaida? Na chumvi ikizidi, kweli kiazi kinaitoa?

MwikoMrefu

Presha inafaa, kwa masharti. Maharage na jamii yake hutoa povu linaloweza kuziba tundu la mvuke, kwa hiyo adesi na maji pamoja visivuke nusu ya sufuria. Yale mafuta ya kukaangia yanasaidia kupunguza povu, usiyaache. Kaanga kila kitu ndani ya sufuria hiyohiyo, lakini kabla ya kufunga kwangua chini kabisa kwa mwiko ukiwa umeshamwaga maji. Kitunguu kilichoganda chini ndicho kinachoungulia ndani bila wewe kuona. Nyekundu zipe dakika 5 tangu presha ianze, za kahawia 10. Kisha zima na uache mvuke ushuke wenyewe dakika 10. Ukifungua valvu mara moja, supu nzito inaruka pamoja na mvuke.

Kwenye presha maji hayapungui kama kwenye sufuria ya kawaida, kwa hiyo toa kikombe kimoja katika kile kipimo cha sita. Tui na limau, baada ya kufungua.

Kukaza kwenye friji ni kawaida. Wanga wa adesi unaendelea kunywa maji, na ukipoa unaganda. Ukipasha, ongeza maji ya moto nusu kikombe kwa kila vikombe viwili vya supu, polepole, huku unakoroga moto mdogo. Kisha onja upya, maana maji yanapunguza chumvi na limau. Ukijua utakula siku mbili, izime ikiwa nyepesi kidogo kuliko unavyotaka.

Kuhusu kiazi: hapana. Kiazi kinanyonya maji ya supu yakiwa na chumvi yake, hakichagui chumvi peke yake. Kilichobaki sufuriani ni chumvi ileile kwa kiwango kilekile. Dawa ni kuongeza wingi: maji ya moto na adesi nyekundu robo kikombe, dakika 20 nyingine. Limau kidogo nalo linaupunguzia ulimi ukali wa chumvi, lakini hiyo ni kuficha tu. Na kama mtu anatumia kidonge cha supu, akiweke kabla ya chumvi kisha aonje, kwa sababu sehemu kubwa ya kidonge ni chumvi yenyewe.

PunjeNzima

Hapo kwenye friji niongeze: isikae nje zaidi ya saa mbili baada ya kuiva. Sufuria iliyojaa inapoa taratibu sana katikati, hata ndani ya friji, kwa hiyo igawe kwenye vyombo vipana visivyo na kina kirefu. Friji siku tatu hadi nne. Kugandisha inakubali miezi mitatu bila kupoteza ladha, ila iliyo na tui hutengana kidogo ikiyeyuka. Koroga wakati wa kupasha itarudi. Acha nafasi ya vidole viwili juu ya chombo, supu hutanuka ikiganda.

Na wanaopenda iwe laini kabisa: mkichukua blenda, jazeni nusu tu, toeni kile kifuniko kidogo cha katikati na mfunike kwa kitambaa. Mvuke uliofungiwa unarusha mfuniko, na adesi ya moto inanata kwenye ngozi. Binafsi naona blenda inaiharibu supu ya adesi nyekundu, inakuwa kama gundi. Mwiko au mchapo wa waya dakika moja unatosha. Kwa za kahawia, saga theluthi moja tu na kuirudisha, upate uzito huku punje nyingine zikiwa nzima.

TuiZito

Na kuchanganya zote mbili sufuria moja?

PunjeNzima

Inawezekana, na ni tamu. Nusu kikombe za kahawia zianze, dakika 20 kwenye maji matupu. Kisha kikombe kimoja cha nyekundu kiingie humohumo, dakika 20 nyingine. Nyekundu zinayeyuka na kuwa rojo, za kahawia zinabaki za kutafuna. Vitunguu, viungo na nyanya kaanga kwenye kikaango pembeni na uvimimine mwishoni.

MwikoMrefu

Njia hiyo ya kikaango cha pembeni ina faida ambayo hatujaigusa. Hata ukiwa umekaanga viungo mwanzoni, dakika 20 za kuchemka zinapunguza harufu yao ya juu. Kwa hiyo tenga sehemu ya bizari nyembamba nzima kwa ajili ya mwisho.

Supu ikiwa tayari na limau limeshaingia, pasha vijiko viwili vya mafuta au samli kwenye kikaango kidogo. Jaribu na punje moja ya bizari: ikitoa vipovu na kuzunguka mara moja, mafuta yamefika. Ikizama kimya, subiri. Ikiwa nyeusi papo hapo, toa kikaango motoni kipoe kidogo. Weka bizari nzima kijiko kimoja cha chai na kitunguu saumu punje mbili zilizokatwa vipande vyembamba. Kitunguu saumu kikianza tu kuwa na rangi ya majani makavu kingoni, toa kikaango motoni, kwa sababu mafuta yanaendelea kuivisha hata nje ya jiko. Hapo ndipo pilipili kali ya unga iingie, robo kijiko, ikiwa tayari nje ya moto. Ndani ya moto inaungua kwa sekunde tano na kuwakohoza wote mliomo jikoni.

Mwaga yote juu ya supu, itapiga kelele. Funika dakika mbili, kisha pakua bila kukoroga sana, kila bakuli lipate mafuta yake juu.

MlaTaratibu

Nimeipika sasa hivi kwa adesi nyekundu, maji vikombe sita, limau mwisho. Uchungu hakuna, chini hakijashika kitu. Kitunguu kilichukua dakika 14, siyo 12, jiko langu ni dogo. Kasoro moja: bizari ya juu imekuwa nyeusi kidogo.

MwikoMrefu

Kitunguu usikihesabie dakika, fuata rangi. Bizari ya juu: mafuta yalipata moto kupita kiasi. Kikaango kikiwa chembamba, zima jiko kabla ya kuiweka, joto lililobaki linatosha.